Siku Walipokuja Kuuliza Mlango Wetu

Aliyekuwa nami juma lililopita aliniacha nje ya chumba cha mwanangu Absalom, nimeshika bakuli la uji uliopoa, na ndani hapana anayejibu. Asiyekuwapo nitamweleza kwa maneno machache, maana aibu haipungui kwa kurefushwa.

Mama yangu, Kafedha, alikuwa na ugonjwa ambao kwetu hauna jina zuri. Watu waliuita wazimu. Yeye mwenyewe aliuita kupanda na kushuka. Akipanda halali, huimba, hugawa vyombo vya nyumbani kwa wapita njia. Akishuka hugeuza uso ukutani, hali, hasemi, hata paa likivuja juu yake hasogei. Kati ya kupanda na kushuka alikuwa mtu mwema kuliko wote niliopata kuwajua.

Sisi watoto wake tuliungoja ugonjwa ule kwa hofu. Haukumshika hata mmoja wetu. Nikaolewa, nikazaa, nikasema moyoni umekwenda kuzikwa naye. Kumbe ulinipita mimi kama mgeni anayepita uani kwenda nyumba ya pili. Ulikuwa unamwendea mwanangu.

Daktari mmoja aliyemtazama Absalom aliniuliza, "Kwenu yuko mwingine wa namna hii?" Alinieleza kwa upole kwamba maradhi haya hupenda kurudi nyumba ileile, ingawa hayamshiki kila mtu. Nilimjibu kwamba hayuko. Hayo mmekwisha kuyasoma, na wengine wenu mliniona mwongo. Leo mtaniona zaidi.

Basi mjukuu wangu Milcah, binti wa huyo Absalom, alikuwa amepata mchumba. Ni Dishon, seremala wa Kisauni, kijana mpole anayeinamisha kichwa akisalimia. Wazee wake walikuwa waje kwetu Chaani siku ya Jumamosi kuleta posa.

Na Absalom alikuwa ameshuka. Tangu masika alikuwa akiutazama ukuta.

Jumatatu asubuhi mke wake, Agneta, alinifuata jikoni. Alichukua muhogo, akawa anaumenya, hanitazami.

"Mama, Jumamosi tutasema yuko wapi?"

"Nani?"

"Mama, usinitese. Baba Milcah."

"Tutasema anaumwa tumbo."

"Watataka kumpa pole. Wakiingia mle chumbani wataona kwamba si tumbo."

Alikuwa amesema kweli.

"Ndugu yangu wa Shika Adabu atamchukua," akasema. "Tumvushe Likoni siku ya Ijumaa, akae huko mpaka wageni waondoke. Tutasema amepata kibarua Voi."

"Na posa ataipokea nani?"

"Ndugu yangu huyohuyo. Ni mjomba wa mtoto, ana haki."

"Agneta, binti yangu, ndugu yako atakuwa Likoni anamlinda Absalom, tena atakuwa hapa anapokea posa?"

Alisimamisha kisu. Akafikiri. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka kile kicheko chake kikageuka, nikaona machozi yanadondokea muhogo.

"Sijui tena la kufanya, mama," akasema. "Nataka tu mwanangu aolewe kama watoto wa wenzangu."

Mwanamke huyu hajawahi kunitupia neno kwa sababu ya damu niliyomletea nyumbani mwake. Kila jioni humwekea mumewe kipande kilicho bora, hata akijua kitalala pale pale. Nitamwambia nini mtu kama huyo? Nilikubali. Tulipatana kwamba posa ataipokea jirani yetu mmoja mzee, na mwanangu tutamficha ng'ambo.

Nikachukua uji, nikaenda kumwambia.

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa vizuri, dirisha limefunguliwa. Nilitoka nje, nikamkuta uani. Amenyoa ndevu. Amefunga kikoi safi. Anafagia, na huku anaimba wimbo wa kanisani kwa ile sauti yake ambayo kwaya nzima huisikitikia inapoikosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Hilo ndilo kubwa. Tena nimesikia mashauri yenu yote. Nyumba ya udongo haina siri. Mnanipeleka Likoni."

"Yalikuwa maneno ya jikoni tu, baba."

"Likoni nitakwenda baada ya arusi, nikapumzike. Baba hawezi kuchumbiwa binti naye yuko ng'ambo, kama mtu aliyekimbia kodi. Mwambie Agneta mumewe amefufuka."

Agneta alikuwa amekwisha kutoka jikoni. Alipiga magoti palepale penye maganda ya muhogo, akamshukuru Mungu. Absalom akamwinua, akampangusa vumbi magotini, akamwambia, "Mama Milcah, usinililie nikiwa mzima, utaishiwa na machozi." Walicheka pamoja, na ilikuwa muda mrefu sijawasikia wakicheka pamoja.

Mimi nilikuwa nautazama ule ufagio. Alikuwa ameufagia uwanja wetu, ameufagia wa jirani wa kulia, ameufagia wa kushoto, na sasa alikuwa anaelekea barabarani.

Mama yangu alianza hivyo kila mara. Alianza na ufagio. Baada ya ufagio zikaja nyimbo, baada ya nyimbo kugawa vitu, baada ya kugawa kukosa usingizi kabisa, na baada ya hapo wanaume wakaja na kamba. Naijua njia hiyo kama niijuavyo ya kwenda kisimani.

Lakini kati ya ufagio na kugawa ziko siku chache tamu. Nazisema kwa sababu asiyeishi na mgonjwa wa namna hii hazijui. Siku hizo mgonjwa wetu huwa bora kuliko sisi wazima. Hukumbuka jina la mtoto wa kila mtu. Humwambia kila mtu neno linalomfaa. Asiyejua humpenda. Anayejua hukaa akihesabu.

Nami nikahesabu. Jumamosi ilikuwa mbali mno. Kufika Jumamosi angekuwa anagawa milango ya nyumba.

Mama mwenye haki angemwambia Agneta, usifurahi bado, tumtulize, tumtafutie daktari. Ningeweza pia kumketisha mwanangu na kumwambia ninayoyaona, maana siku hizo za mwanzo bado husikia. Sikufanya lolote katika hayo. Nilimwendea mwanamke mmoja anayepeleka maandazi Kisauni, nikamtuma kwa wazee wa Dishon: tafadhali waje Jumatano, kwa kuwa Jumamosi nimeitwa Rabai, dada yangu ni mgonjwa.

Dada huyo nilikuwa nimemzika zamani.

Nilimfanyia mwanangu kama anavyofanya mwenye ng'ombe mwenye kikohozi: humpeleka sokoni mapema, kabla jua halijapanda na kikohozi hakijaanza. Agneta aliponiuliza kwa nini nimegeuza siku, nilimwambia, "Jambo la heri halicheleweshwi." Akanibusu mkono.

Jumatano wakaja. Walikuwa watatu: Kenga, babake Dishon, mzee wa kanisa mwenye kucheka kwa tumbo; Dishon mwenyewe; na dada yake Kenga, Nyamvula, mjane, mwanamke mrefu wa maneno machache. Sehemu kubwa ya njia walikuwa wameitembea kwa miguu, na vumbi la Makupa lilikuwa limewafika magotini.

Kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa, mahali pa tembo la mnazi walileta sukari na majani ya chai. Vita vimekwisha, lakini sukari bado ni ya kadi, nanyi mnajua ilivyo. Mfuko ule ulikuwa mzito. Nilipoupokea nilimwambia Nyamvula wamejitaabisha.

"Si taabu, mama," akajibu kwa sauti ndogo. "Nyumba nzima tumekunywa chai chungu kidogo. Watoto wamekwisha kuizoea."

Neno lile bado linanichoma hata ninapoandika.

Absalom aliwapokea mlangoni.

"Hodi hapa," akasema Kenga.

"Hodi ni ya mgeni," akajibu mwanangu. "Wewe ni mwenye nyumba uliyechelewa kurudi. Ingia ujieleze."

Kenga akacheka mpaka akashika nguzo. "Mzee mwenzangu, nimekuja kwa kuwa nimeambiwa binti yako anajua kupika."

"Nani kakwambia?"

"Huyu kijana wangu."

"Basi kijana wako amekwisha kula kwangu bila ruhusa yangu. Kabla ya posa tutaanza na faini."

Dishon aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na watu wote wakacheka, na Milcah nikamsikia akicheka jikoni.

"Na ule mguu wako," Absalom akaendelea, "ule ulioangukiwa na gogo bandarini, u hali gani siku hizi?"

Kenga alishangaa. "Umejuaje habari za mguu wangu?"

"Nilikuwa kikosi cha pili siku hiyo. Ulikuwa umevaa kofia ya kijani. Ulipobebwa ulikuwa unawaambia watu waisitiri kofia, mguu si kitu."

"Wallahi, ni kweli," akasema Kenga, mzee wa kanisa, akasahau kwamba kiapo hicho si cha kwao. Macho yake yalilowa. Ilikuwa miaka mingi imepita, na hakuna aliyeikumbuka siku yake ile mbaya ila mtu huyu. Akanigeukia. "Mama, umezaa mtu."

Nikasema ahsante. Nikatazama mkeka.

Milcah alileta chai. Babake akaionja, akakunja uso. "Mkwe wangu Kenga, bado una nafasi ya kurudi kwenu. Chai hii imepikwa na mtu aliye na mawazo Kisauni."

"Imepikwa na mtu aliyefundishwa na babake," Milcah akamjibu papo hapo. "Yeye hupika maji, akasahau majani."

Wakacheka wote wawili. Hucheka namna moja: kichwa nyuma, mkono kifuani, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Kenga akawatazama, akampiga Dishon bega.

"Huyu hakuokotwa," akasema. "Ametoka kwa babake mzima mzima."

Wageni wote waliifurahia sifa hiyo. Mimi sikuifurahia.

Siku zote nimejivunia kwamba Milcah ana kicheko cha babake, na wepesi wake wa kujibu, na mkono wake usiojua kushika kitu mbele ya mwenye haja. Babake aliyapata kwa mama yangu Kafedha. Sijui kama wema ule na maradhi yale ni kitu kimoja, au ni viwili vilivyotiwa katika kapu moja. Najua tu kwamba katika nyumba yetu sijaona kimoja kinakuja bila kuziona nyayo za cha pili nyuma yake.

Halafu Absalom akavua viatu vyake.

Alivivua katikati ya mazungumzo, akavipangusa kwa kiganja, akaviweka mapajani mwa Dishon. "Bwana arusi haingii kanisani na hivyo ulivyovaa," akasema. "Chukua. Ni vyako."

Havikuwa viatu vya kupewa mtu. Vilikuwa vimepasuka pembeni, na ndivyo pekee alivyokuwa navyo. Vya Dishon vilikuwa vizuri kuliko hivyo. Kijana alimtazama babake.

"Pokea, mwanangu," Kenga akasema kwa upole. "Mkarimu hakataliwi."

Dishon akavipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa vitu vipya kutoka dukani. Nilimpenda kwa hilo. Lakini mimi nilikuwa nimehesabu kwamba kugawa kutaanza Ijumaa, na kumbe kumekwisha kuanza.

Nyamvula hakucheka. Alikuwa anaitazama miguu ya mwanangu, mitupu juu ya sakafu. Kisha akanitazama mimi.

"Mama Absalom," akasema, "nionyeshe mnapoweka maji."

Wanawake wa kwetu wanajua maana ya ombi hilo. Wanaume huafikiana barazani, wakapeana mikono, wakadhani wamemaliza. Lakini posa haijafungwa mpaka mwanamke wa upande wa mume amemuuliza mwanamke mzee wa upande wa mke habari za mlango wao, yaani ukoo na damu yao. Huulizwa kando, penye maji. Anayeulizwa hunawishwa mikono kwanza, kwa sababu ndiyo mikono itakayompokea mtoto wa ndoa hiyo siku atakapozaliwa. Akishanawa na kujibu, swali halirudiwi. Kanisa halijaikataza desturi hii, labda kwa kuwa hakuna aliyeliambia.

Nyuma ya nyumba, penye mtungi, Nyamvula alilipangusa jiwe kwa ncha ya leso yake.

"Keti hapa, mama, pana kivuli. Magoti yako yamefanya kazi ya kutosha leo."

Akaweka bakuli chini ya mikono yangu, akateka maji kwa kata, akayamimina polepole. Vidole vyangu vilikuwa na masizi ya jikoni. Aliyasugua kwa kidole gumba, kimoja kimoja, kama mtu anayemwosha mtoto.

"Nisamehe, mama. Sipendi kuuliza."

"Uliza, binti yangu. Ndiyo desturi."

"Mlango wenu una ukoma?"

"Hauna."

"Una kifafa?"

"Hauna."

"Una uchawi?"

"Hata majirani wasionipenda hawajanisema hilo."

Akatabasamu kidogo. Kisha tabasamu likaondoka, na kata ikabaki imeinuliwa.

"Una wazimu?"

Kule barazani Absalom alikuwa ameanza wimbo, na Kenga anajaribu kumfuata. Nilimfikiria Milcah, mtoto aliyekaa tangu masika anamlisha baba asiyefungua kinywa, na hakumwambia shoga yake hata mmoja. Nilijiambia, neno moja tu, kisha atakuwa na nyumba yake.

"Hauna," nikasema.

"Upande wa kuumeni?"

"Hauna."

"Na kuukeni? Kwako wewe, kwa mama yako?"

Upande huo sikuwa nimeutazamia. Watu wengi hawaulizi. "Mama yangu alikuwa mtu mwema," nikajibu.

"Sina shaka alikuwa mwema. Nauliza kama alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima."

Nyamvula akaiweka kata chini. Akafunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani amenigundua. Nilikaa na mikono yangu inayodondoka maji, nangoja kutukanwa.

"Namshukuru Mungu," akasema alipofunua uso. "Nilipomwona mwanao anavua viatu, niliogopa. Nilisema moyoni, ni yaleyale."

"Yapi, binti yangu?"

"Ya marehemu mume wangu. Siku ya posa yangu alivua shati, akampa mpagazi aliyepita. Kwetu wakapiga vigelegele, wakasema nimepata mtu mwenye moyo. Mamake alinawishwa kama wewe, akasema hauna. Mwaka wa pili akalala, akageukia ukuta. Hasemi nami. Hali chakula changu. Sikuwa najua ni ugonjwa, mama. Nilidhani amenichukia. Nikafunga mzigo, nikarudi kwetu kwa hasira, ili anifuate."

Nikataka aishie hapo.

"Walipokuja kuniita, walikuwa wamekwisha kumtoa kisimani."

Nikayatazama maji bakulini.

"Sikumlaumu yeye," akasema. "Mtu hachagui damu. Nilimlaumu mamake. Angaliniambia, nisingaliondoka. Ningalikaa mlangoni pake, nimlishe, nimlinde, mpaka apone. Ndipo nikamwambia kaka yangu Kenga kabla hatujaja huku: kama watu hao wanao ugonjwa wakasema wanao, mimi nitakubali. Tutamchukua binti yao, na tutajua la kutazama. Lakini wakituficha, sitaki hata chai yao. Nawe hukunificha."

Akachukua mikono yangu miwili, akaikausha kwa leso yake mwenyewe, ile aliyojifutia machozi.

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi. Mwanamke huyu alikuwa amenifungulia kwa mkono wake. Ilikuwa niseme tu, nisamehe, nimekudanganya.

"Nyamvula," nikasema.

"Abee, mama."

"Maji haya ni baridi."

"Basi tumalize upesi," akasema.

"Tumalize nini?"

Akanishangaa. "Ninyi huku hamfanyi? Kwetu sisi binti naye hunawa maji yaleyale aliyonawia bibi yake. Akinawa, neno la bibi limekuwa neno lake. Likija kuonekana ni la uongo, huhesabiwa yeye ndiye aliyelisema, na hurudishwa kwao, hata akiwa na watoto."

Kwetu hatufanyi hivyo. Kwetu neno la bibi huishia kwa bibi. Nilikuwa nimeusema uongo wangu kwa hesabu hiyo, kwamba ukioza utanioza mimi, nami sina siku nyingi. Sasa nikaliona lile bakuli, na maji yenye masizi yangu ndani yake, na nikajua ni nani atakayetiwa humo.

"Mtoto ana kazi jikoni," nikasema.

"Hatuchukui muda. Milcah, mama, njoo."

"Abee, shangazi."

Alitoka nyuma ya kiambaza cha makuti cha jikoni, hatua mbili tu kutoka tulipokuwa tumekaa. Alitoka upesi mno. Mtu aliye mekoni huchelewa kidogo, hufuta mikono, hufunika chungu. Huyu alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo. Nilimtazama usoni, nikajua amesikia ukoma, na kifafa, na wazimu, na kisima, na jibu langu.

Habari za Kafedha nilimsimulia mimi mwenyewe, akiwa mdogo, kama hadithi za kumliwaza. Hakuna la nyumba hii asilolijua.

Kule mbele wimbo ulikuwa umekwisha. Kicheko cha Kenga nacho kilikuwa kimekwisha, na cha mwanangu kikawa kinaendelea peke yake. Nikamsikia Agneta anasema taratibu, "Keti, Baba Milcah. Keti kidogo." Nyamvula aligeuza shingo, akasikiliza, kisha akarudi kwenye bakuli.

Alimweleza Milcah desturi yao, pole pole, kama nilivyowaeleza. Hakumtisha. Alimwekea hata ncha ya leso chini, asipige magoti penye tope.

Milcah akapiga magoti. Akakunja mikono ya gauni. Akanyoosha mikono juu ya maji, mikono yake myembamba iliyo kama ya mama yangu, hata kile kidole cha mwisho kilichopinda.

Haikushuka.

"Hawe," akaniita. Ndivyo anavyosema bibi, kwa lugha ya nyumbani.

"Naam, mwanangu."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningeweza kustahimili. Alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama babake anapomwekea kijiko mdomoni.

"Tangu Jumapili sijalala," akasema. "Hata usingizi wenyewe siutaki. Sichoki. Nimefua nguo zote za nyumba, nikazifua tena zikiwa safi. Kichwani mna nyimbo, moja haijaisha nyingine inaingia. Nilidhani ni kwa sababu nachumbiwa. Nilitaka kukuuliza, kisha nikaogopa."

Nyamvula alikuwa anaikunja leso. Mikono yake ikasimama.

"Wewe ndiye unayejua, Hawe. Ulimwona mama yako, ukamwona baba. Hii niliyo nayo ni furaha tu? Kama ni furaha, niambie, ninawe."

Mikono yake ilikuwa bado juu ya maji. Yangu nikaificha chini ya kanga, na Nyamvula akaona. Kisha akauinua uso wake, na sikuona tena ndani yake yule mwanamke aliyenikausha vidole.

"Mama Absalom," akasema, "mtoto amekuuliza."